Saba Kushuka Hadi Moja: Kuzuru Mweru na Bonde la Luapula

Wabuddha wana Bodh Gaya na mti wao. Lamu ina Maulidi ya msikiti wa Riyadha, na msimu huo ukipata pa kulala mjini, mshukuru Mungu na mwenye nyumba. Sisi tunaolipenda bonde la Luapula, kaskazini mwa Zambia, tuna njia yetu: inaanzia Nchelenge, ufuoni mwa Ziwa Mweru, na kushuka kusini hadi Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda. Wageni wengi huja kupiga picha maporomoko na kwenda zao. Mimi nasema hii ni nchi ya kuzuru, kwa sababu karibu kila kituo chake kinakumbuka mtu aliyevuka maji. Nahesabu kutoka nyuma. Namba moja haiulizwi mapema!

7. Soko la Kashikishi. Ziara haifanywi na tumbo tupu. Kashikishi na Nchelenge zimeshikana, na samaki ndiye mwenyeji wenu. Agiza samaki aitwaye pale, ndugu yake perege, na ugali wa muhogo na katapa; Mtanzania atakitambua kisamvu chake kabla sahani haijatua. Onja pia chisense, vidagaa vinavyovuliwa usiku kwa taa. Wachuuzi wa kutoka ng'ambo ya Kongo utaelewana nao kwa Kiswahili. Kwa wenyeji anza na "Mwapoleni mukwai", kisha tulia, maana salamu huku haikatwi katikati. Ukifika kati ya 1 Desemba na mwisho wa Februari utakuta uvuvi umefungwa. Usinung'unike: samaki nao wanataka fungate. Mpumbu, aliyekuwa fahari ya ziwa hili, alivuliwa mno akipanda Luapula kwenda kutaga, na kufikia katikati ya karne ya 20 alikuwa ameadimika.

6. Kilwa. Ndiyo, Kilwa. Hapana, hujapotea. Zambia ina kisiwa cha jina hilo humu ziwani, na Kongo ina mji wa jina hilohilo kwenye ufuo wa magharibi. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika pande hizi karne ya 19 ikitafuta pembe na watumwa. Msomaji wa pwani, furahia jina, lakini wakumbuke waliofungwa minyororo.

5. Mantapala. Hapa kamera ibaki mfukoni. Ni makazi ya wakimbizi Wakongo wilayani Nchelenge, yaliyofunguliwa 2018, na si mahali pa kutalii. Nimeyahesabu kwa sababu ziara inayowakumbuka waliovuka mito zamani na kuwapita wanaoivuka leo ina kasoro kubwa.

4. Lumangwe na Kabwelume. Maporomoko mawili ya mto Kalungwishi. Lumangwe linaanguka zaidi ya mita 30. Beba nguo za kubadili. Hutaloa kidogo, utaloa.

3. Mbereshi. London Missionary Society ilifungua misheni hapa mwaka 1900. Mwaka 1915 akafika Mabel Shaw, Mwingereza aliyeanzisha shule ya bweni ya wasichana na kukaa nayo hadi 1940. Wenye binti, simameni hapa muda mrefu kuliko pale maporomokoni.

2. Barazani kwa Mwata. Miji mikuu ya Kazembe ilihamahama humu bondeni, na wageni walifika kwa miguu. Lacerda, gavana Mreno, alifika Oktoba 1798 akakata roho kwa homa kabla ya kuonana na mfalme. Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara wa msafara waliotoka Angola mwaka 1802, walizuiwa hapa miaka kadhaa, kisha wakatokea Tete mwaka 1811. Walikuwa wamevuka bara zima kabla Livingstone hajazaliwa! Huyo naye aliliona Mweru Novemba 1867, akaenda kwa Kazembe, akamkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyezuiwa huko miaka mingi. Livingstone akamwombea, akaachiliwa. Nikiulizwa nani anastahili sanamu bondeni, jibu langu ni Baptista na José, na niko tayari kubishana hadi chai ipoe.

1. Mto Ng'ona, siku ya Mutomboko. Sasa uliza! Mutomboko ni sherehe ya Walunda, Jumamosi ya mwisho ya Julai, Mwansabombwe. Mto ni huohuo unaoanguka Ntumbachushi, karibu na Kawambwa. Umati hukimbilia uwanjani kuwahi kivuli. Wewe nenda mtoni. Simulizi ya Walunda inasema ndugu wawili, Chinyanta na Kasombola, walizamishwa katika mto Mukelweji, mbali magharibi, na Ng'anga Bilonda, mwana wa Chinyanta, ndiye aliyekuwa Kazembe wa kwanza. Kwa hiyo Mwata, kabla ya kucheza, hushuka Ng'ona na kuwatupia chakula majini waliozama. Hapo hukai kama mtazamaji. Kila mtu ana mtu wake aliyeondoka na maji, barabara au homa. Baadaye ndipo hubebwa kwa machela, na alasiri hucheza akiwa na sketi pana ya mukonso, shoka mkono mmoja, upanga mwingine, ngoma zikimhimiza. Shangilia hadi sauti ikauke. Kivuli cha uwanjani waachie walioshindwa kuamka mapema.