Umetumwa na Nani?

Ukitaka kujua watu wanakufikiriaje, ingia kijiji chochote cha Ngara na daftari mkononi, uulize babu mzaa babu yako aliitwaje. Kabla hujakalia kigoda umeshawekwa kwenye fungu lako. Mmoja atakuona umekuja kudai shamba. Mwingine atajua unahangaikia karatasi za uraia, maana mpakani huku kumuuliza mtu bibi yake alizaliwa wapi si maongezi, ni usaili. Pale Benaco mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa blanketi zitagawiwa lini. Simlaumu. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 tu, na tangu hapo mgeni mwenye kalamu maeneo yale ni mtu wa shirika mpaka athibitishe vinginevyo.

Balaa lilianzia Dar es Salaam. Binamu yangu alipakua programu ya kuchora mti wa ukoo, akajaza alichokijua, yaliyobaki akanitupia mimi kwa kuwa nilikuwa naenda likizo nyumbani. Programu ile ilitungwa na watu ambao baba na wanawe wote wana jina moja la mwisho. Kwetu Wahangaza wa zamani kila mtoto alipewa lake: wa saba Nyandwi, wa nane Minani, pacha wa kwanza Bukuru na mwenzake Butoyi. Programu ikawatazama watoto wa bibi mkuu, ikaona kila mmoja ana ubini wake, ikaamua kwamba bibi alikuwa na mume kwa kila mtoto. Ikatuchorea na visanduku vya waume hao, kila kimoja na alama yake ya kuuliza. Binamu akairusha picha kwenye grupu la ukoo bila kuikagua. Shangazi wa Rulenge akaandika neno moja: "Futa."

Kumsafisha bibi, basi, ikawa kazi yangu.

Nikaanzia Biharamulo, ambako inasemekana tawi letu moja lilifuata malisho. John Speke alipopita Usui, yaani huku huku kwa Wasubi, mwaka 1861, alicheleweshwa na watu wa mtawala Suwarora wakimdai hongo ya nguo, nyaya na shanga, naye akalalamika kitabuni kurasa na kurasa. Mimi nilidaiwa sukari. Kila mzee alinielekeza kwa mzee mwingine "anayejua zaidi", kila anayejua zaidi alikaa mbali zaidi na barabara, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka jina la marehemu kabla chai haijaiva. Namsamehe Speke manung'uniko yake yote.

Kutoka pale nilipanda mchomoko hadi Lusahunga, kisha mwingine kuelekea Ngara. Zamani mabasi yalisindikizwa na polisi kwenye pori lile kwa hofu ya majambazi. Siku hizi abiria hana wa kumwogopa ila goti la mwenzake.

Ngara nilikodi bodaboda, kijana wa miaka kama ishirini, jezi ya Simba na ndala za rangi mbili tofauti. Njiani akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia. Akapunguza mwendo, akataja wa kwao, tukajumlisha na kutoa tukiwa juu ya pikipiki, hata akakanyaga breki katikati ya mteremko, akageuka na kunitazama kwa masikitiko. "Kumbe mimi ni babu yako mdogo," akasema. "Na hujaniamkia." Nina mvi. Nilimpa shikamoo palepale, gunia la mkaa la mpita njia likisubiri tupishe. Nauli haikupungua hata shilingi, kwani, alivyoeleza babu, mjukuu ndiye humtunza babu.

Huyo babu ndiye aliyenipeleka mlimani kutafuta kaburi. Mwaka 1973 Nyerere alipoagiza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wawe wanaishi vijijini, wetu walishuka bondeni na mabati yao. Marehemu hawakuhusika na Operesheni Vijiji, wakabaki kwenye migomba. Migomba ikawa ya mtu, mtu akapanda kahawa, mtoto wake akang'oa kahawa akapanda parachichi. Kilichobaki ni kipande cha ua wa minyaa. Mwenye shamba alitukuta tumeinama, babu akipima kwa hatua na mimi nikiandika. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umetumwa na nani?", panga likiwa limetulia begani. Nikasema ukweli: natafuta kaburi. Ikawa nimeharibu zaidi, kwa sababu huku mwenye kaburi ndiye mwenye ardhi. Tuliachana vizuri baada ya mimi kuchangia harusi ya binti yake, ambaye sijamwona.

Parokiani mambo yalikuwa ya heshima zaidi. Katekista alifungua daftari la ubatizo lililojazwa kwa Kilatini, akateremsha kidole kwenye foleni ya akina Josephus na Paulus. Bibi mkuu tulimpata, kama mama wa watoto wote. Ila padri wa Kizungu aliandika alivyosikia, na kila mwaka alisikia kivingine. Jina la bibi likawa na tahajia tatu. Nikapiga picha, nikatuma. Programu ikaongeza wake wawili kwa babu mkuu.

Pahali pa kuzaliwa pia pakazua jambo. Babu mkuu alizaliwa Urundi ya Mjerumani akafia Tanganyika ya Mwingereza bila kuhamisha kitanda: baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Bugufi, yaani huku kwetu Ngara, iliangukia kwa Waingereza, na Urundi iliyobaki ikaenda kwa Wabelgiji. Binamu akajaza "Urundi". Baba mdogo wa Kabanga, ambaye hajawahi kuandika kwenye grupu ila pole na hongera, akapiga simu usiku. "Ondoa hiyo. Andika Ngara. Mnataka tuanze kuhojiwa?"

Sasa tumempata na wa Uganda. Wahangaza wengi walikwenda Buganda enzi za ukoloni kufanya vibarua vya pamba na kahawa, na baadhi hawakurudi. Huyu wa Masaka alituma ujumbe wa sauti mrefu kwa Kiganda. Grupu likaitikia "Amina". Alipopatikana wa kutufasiria ikabainika si sala. Anauliza habari za ng'ombe ambaye babu yake alimkabidhi wetu kabla ya vita vya Hitler, amtunze, wazao wagawane.

Grupu limekaa kimya kwa nidhamu ya ajabu. Ni mjomba tu, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyeuliza kama ng'ombe alikuwa jike. Jibu likaja: jike. Mpaka jana usiku mjomba alikuwa amefika ndama wa kumi na tisa, na hesabu yake haijagusa Uhuru.