Kioo cha Asiyeona: Maelekezo kwa Mnunuzi Mgeni

Kwanza, jiandae kutoulizwa chochote. Ukiingia duka la simu Kariakoo huku umeshika bega la mpwa wako, muuzaji ataongea na mpwa. "Anataka ya bei gani huyu mzee?" "Ataiweza kweli?" Nyamaza. Omba uishike simu yenyewe. Kwenye Android nyingi, bonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na uvishikilie kama sekunde tatu. Kwenye iPhone mpya ambayo bado haijaandaliwa na mtu, bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu harakaharaka. Simu itaanza kuongea. Muuzaji atashtuka na kusema umeiharibu. Ameuza simu hizo miaka yote bila kujua zina mdomo, kwa hiyo mpe nafasi ashangae, na akiwa bado anashangaa, omba apunguze bei.

Mdomo huo haununuliwi pembeni. Kwenye Android unaitwa TalkBack, kwenye iPhone VoiceOver, na kwa kawaida umo ndani ya simu tangu kiwandani. Atakayekuambia kwamba simu ya tachi si ya kipofu usimwite mjinga. Ana habari za zamani tu. Kitochi, ile simu ya vitufe, kina kinundu kwenye namba 5, na kutoka hapo kidole kinajua njia ya kufika kwingine kote. Kioo hakina kinundu, na simu za kioo zilipoanza kuenea wengi wetu tuliamini tumefungiwa nje. Mwaka 2009 iPhone 3GS ikatoka na VoiceOver, na mwaka huohuo Android ikapata TalkBack, kazi iliyosukumwa pale Google na T. V. Raman, mhandisi ambaye mwenyewe haoni. Android ilikawia kidogo: ni toleo la 4.0, la mwaka 2011, lililokuruhusu kupitisha kidole juu ya kioo na kusikia kilichopo chini yake.

Kanuni ni fupi. Kidole kimoja kikigusa kitu, simu inakitaja, haikifungui. Ukitaka kukifungua, gusa mara mbili upesi, popote juu ya kioo. Telezesha kidole kulia uende kwenye kitu kinachofuata, kushoto urudi nyuma. Kushuka chini ya ukurasa ni vidole viwili kwenye Android, vitatu kwenye iPhone. Siku za mwanzo utampigia fundi bomba saa tano usiku ukidhani unaongeza sauti, atazoea.

Wenye macho ndio hawatazoea. Mpwa ataichukua simu, aguse mara moja, asikie inasema tu, aguse kwa nguvu zaidi, kisha atangaze: "Mjomba, simu imeganda." Haijaganda. Inamsubiri aguse mara mbili. Hatari yenyewe inakuja atakapochoshwa na kelele, akaingia kwenye mipangilio, akazima TalkBack, akakurudishia kipande cha kioo kilicho kimya huku akisema, "Tayari mjomba, nimekutengenezea." Ndiyo maana nimeanza na vile vitufe viwili vya sauti. Vishike moyoni kuliko namba ya simu ya mkeo.

Kabla hujajifunza kuisikiliza, jifunze kuinyamazisha: gusa kioo mara moja kwa vidole viwili, sauti inakatika. Lijue hilo kabla hujaenda msibani. Sheikh akiwa katikati ya dua, hakuna anayehitaji kutangaziwa kwamba kifurushi chako kinaisha leo saa sita usiku.

Halafu lugha. Simu nyingi zinakuja na sauti ya Kiingereza, na sauti hiyo ikikusomea "Shikamoo mjomba, nimefika salama," unasikia mtalii wa siku ya pili Zanzibar. Pakua sauti ya Kiswahili na kero itahamia upande wa pili: salamu za nyumbani sasa zimenyooka, lakini ujumbe wa benki ulioandikwa Kiingereza unasomwa kwa matamshi ya Kiswahili mpaka hujui kama umelipwa au umekatwa. Wengi tunaweka sauti zote mbili na kubadilisha njiani, kutegemea nani ameandika. Vikatuni vya hisia navyo ni mtihani. Shangazi akituma pole yenye mistari miwili ya viganja vya dua na maua ya waridi, huenda simu ikataja kiganja kimoja kimoja na ua moja moja, na marehemu mwenyewe atatajwa mwishoni.

Kuandika kuna njia tatu. Ya kwanza ni kupapasa herufi moja moja, unasikia jina lake, unainua kidole, inaandikwa. Ni njia ya uhakika na inazeesha. Ya pili ni kuiambia simu ikuandikie. Tangu 2017 kibodi ya Google inasikia Kiswahili, na daladala zima pia linasikia, kwa hiyo usijibu barua ya mapenzi ukiwa kati ya Ubungo na Mwenge. Ya tatu wanaijua waliosoma shule za wasioona za Buigiri, Thika na nyingine kama hizo, wakapiga mashine ya breli ya Perkins mpaka vidole vikaota sugu. Kioo kinaweza kugeuka nukta sita za breli: iPhone tangu 2014, TalkBack tangu 2020. Unaishika simu kioo kikitazama mbele, unapiga vidole vitatu vitatu, na kijana aliyekuwa anakuonea huruma anabaki nyuma sentensi mbili.

Sasa tufike kwenye vitufe visivyo na majina, maana hapo ndipo utakapotamani kurudi kwenye kitochi. Utapakua programu ya benki. Watakuambia kwenye tangazo kwamba ni rahisi, ni ya kila Mtanzania. Utaifungua, upitishe kidole, na simu itakusomea kwa adabu zote: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Kimoja kati ya hivyo kinatuma pesa, kingine kinafunga akaunti. Kosa si la simu. Simu inasoma maandishi aliyoyaacha mtengenezaji nyuma ya kila kitufe, na mtengenezaji akiacha patupu, mara nyingi simu haina cha kubuni. Kuandika neno "Tuma" pale nyuma ni kazi ya mstari mmoja, lakini mstari huo hauonekani kwenye kioo, na bosi wake anakagua kinachoonekana. TalkBack na VoiceOver vinakuruhusu ubandike jina lako mwenyewe kwenye kitufe. Kaa na mtu unayemwamini mchana mmoja mvibatize vyote. Programu ikisasishwa, baadhi ya majina yatapotea, mtaanza upya.

Kuna programu nyingine zinazochora vibao vyao vya namba ya siri na kuchanganya tarakimu kila ukifungua, ili mwizi asikariri. Mwizi ana macho; anasoma tu. Wewe ndiye uliyekuwa unakariri. Na ukishavuka hapo, huenda ukaombwa uthibitishe kwamba wewe ni binadamu kwa kuchagua picha zote zenye taa za barabarani.

Ukizoea, ongeza kasi ya sauti. Ongeza tena. Utafika mahali jirani kwenye daladala haambulii hata neno, na wewe unamaliza gazeti kabla ya Magomeni. Kisha zima mwanga: simu za aina zote mbili zinaweza kufanya kazi huku kioo kikiwa cheusi kabisa, kwenye iPhone kwa kugusa mara tatu kwa vidole vitatu, kwenye Android kupitia menyu ya TalkBack. Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu huwezi kujua nani anachungulia begani. Zaidi ya hapo betri inaweza kudumu. Atatokea msamaria wa kukugusa bega, "Kaka, simu yako imezima." Mshukuru, endelea kusoma. Atatokea na mwingine upande wa pili atakayenong'ona kwamba huyu si kipofu, kipofu gani anachati? Huyo usimjibu. Akikubali leo kwamba unatumia simu, kesho itambidi akubali kwamba unafanya kazi.

Kamera nayo ni yako. Zipo programu za kukusomea barua na kukutajia noti, na ipo Be My Eyes, iliyoanzishwa na Mdenmaki Hans Jørgen Wiberg na kufunguliwa kwa watu mwaka 2015, ambamo mtu wa kujitolea anakutazamia kupitia video: hii chupa ni ya dawa ya kikohozi au ya mbu? Angalizo moja tu: washa taa. Umeishi miaka bila kuuliza saa ngapi giza linaingia. Kamera haijafika huko.

Mwisho, pesa. Enzi za kitochi ulikariri menyu ya pesa ya *150*00# kama dua, na siku mpangilio ulipobadilika, namba yako ya siri ikapita kwa mtoto wa jirani, kwa wakala, kwa yeyote mwenye macho aliyekuwa karibu. Sasa vaa visikizi, sikio moja tu, la pili liachie bodaboda na wakala. Pitisha kidole, sikia salio lako mwenyewe, tuma pesa mwenyewe, sikia ujumbe wa uthibitisho ukisomwa kwako peke yako. Ukishahakikisha unaweza, badilisha namba ya siri, usimwambie mtu, kisha subiri. Haitachukua muda mrefu kabla mpwa hajaja kukaa karibu yako, akohoe kidogo, na kuuliza kwa upole: "Mjomba, ile namba ya siri mbona siku hizi inakataa?"