Gunzi, Kidumu na Ndege

Juzi jioni stovu ya mafuta ilizima maharagwe yakiwa bado yanagonga meno. Gesi ilikuwa imeisha tarehe 20, tarehe ambayo mshahara wangu hauijui. Nikabeba kidumu cha lita tano, nikatoka Katelembo, Machakos, kwa bodaboda hadi sheli.

"Mafuta ya taa."

Kijana wa pampu akanitazama kama niliyeomba gari la ng'ombe. "Mzee, bado unatumia hayo?"

Natumia. Kinachoniudhi ni bei. Zamani haya yalikuwa mafuta ya maskini, kwa bei ya maskini. Wajanja wakaunusa unafuu huo, wakaanza kuyachanganya na dizeli. Hawakuhitaji uganga: mafuta ghafi yakichemshwa mtamboni, mvuke wa petroli hupanda juu, dizeli hubaki chini, na mafuta ya taa hukaa katikati, mlango kwa mlango na dizeli. Ukiyatia kwenye lori, lori linakwenda. Injini italia baadaye. Basi Septemba 2018 serikali ikayatwika ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili mchanganyaji akose faida. Mchanganyaji hana stovu. Mwenye stovu ni mimi.

Nikiwa nahesabu sarafu, ndege ikapita juu ikiteremkia Embakasi. Nayo hunywa mafuta ya taa! Ya kwake yana vipimo vikali na jina la Kizungu, lakini ukoo ni mmoja. Tangu mtambo wa Changamwe, uliofunguliwa 1963, uache kusafisha mafuta mwaka 2013, yote hutujia kwa meli yakiwa yameshapikwa ng'ambo. Yavuke bahari, yasukumwe kwa bomba toka Mombasa hadi Nairobi, yapande lori mpaka Machakos, yaje yaivishe maharagwe yangu. Yangekuwa na mdomo, yangelalamika kuliko mimi.

Kifuniko cha kidumu kilipotea zamani, kwa hiyo nikaziba kwa gunzi la mahindi. Gunzi huziba vizuri kidumu kikisimama. Kwenye bodaboda kililala, na kando yake ilikuwepo pakiti ya unga.

Unga wenyewe ulionekana mkavu, nami nikanyamaza. Mama Mueni akasonga, akapakua, akatia tonge la kwanza mdomoni. Akatafuna polepole, akaniangalia.

"Baba Mueni, huu ugali ni wa kula au wa kurukia?"