Stendi ya Besiboli na Madai ya Nyumba Nzima

Stendi ya kupigia besiboli ni nguzo fupi inayofika kiunoni mwa mtoto, ambayo juu yake huwekwa mpira ili mtoto aupige kwa gongo ukiwa umetulia, kabla hajafikia umri wa kupambana na mpira unaorushwa. Kifaa hiki kina sehemu tatu tu, yaani kitako kizito kinachozuia stendi isianguke, bomba linalosimama, na mdomo laini unaoushika mpira, na kwa sababu ya uchache huo kila mzazi anayeiona picha yake huamini kwamba anaweza kukikamilisha kabla ya chakula cha mchana. Imani hiyo ndiyo chanzo cha hasara nyingi zitakazoelezwa hapa.

Besiboli si mchezo mgeni tena Uganda. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, na mwaka 2023 Dennis Kasumba, mdakaji aliyejulikana kwa video za mazoezi yake ya matairi chakavu, alivaa jezi ya timu ya Frederick Keys huko Maryland. Kuluva nayo, iliyo kusini mwa Jiji la Arua kwenye barabara ya Nebbi, ina uhusiano wake na mchezo huu, ingawa ni wa majina tu, kwani daktari wa misheni aliyeitumikia hospitali ya hapo kwa miaka mingi aliitwa Ted Williams, sawasawa na yule Ted Williams wa Boston Red Sox ambaye mwaka 1941 alipata wastani wa .406, maana yake alifanikiwa mara nne na ushei katika kila majaribio kumi yaliyohesabiwa. Mwaka 1961 huyo wa Kuluva alisafiri na madaktari wenzake Denis Burkitt na Cliff Nelson kiasi cha kilomita 16,000 ndani ya gari kuukuu la Ford, wakitafuta mipaka ya eneo la uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika, na sababu mojawapo ya kuchukuliwa safarini ni kwamba alijua kulitengeneza gari linapoharibika. Katika shughuli inayojadiliwa hapa, Ted Williams wa spana angefaa kuliko Ted Williams wa gongo.

Maelekezo yanayotoka Marekani hudhani kwamba adui wa stendi ni gongo, na kwa hiyo huhimiza unene wa bomba na uzito wa kitako. Kuluva adui huyo ni wa pili. Wa kwanza ni nyumba yenyewe, kwa sababu kila kinachohitajika kutengenezea stendi kina kazi nyingine ya zamani na ya heshima zaidi, na siku yoyote kinaweza kuitwa kurudi kazini bila taarifa kwa watoto.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jerikeni la lita 20, ambalo likijazwa mchanga mkavu hufikia zaidi ya kilo 30 na linaweza kuhimili mapigo ya kijana mkubwa, seuze mtoto wa miaka sita. Kwa mtazamo wa fizikia hakuna kitako bora. Kwa mtazamo wa mama wa nyumba, hata hivyo, jerikeni ni chombo cha maji, na mchanga uliomo ni uharibifu uliofanywa na mtu mzima mwenye akili timamu, kwa hiyo asubuhi ya pili mchanga humwagwa, chombo husuuzwa na kupelekwa kisimani, na bomba hubaki limelala uani huku watoto wakiulizwa kwa nini hawachezi na zawadi waliyotengenezewa.

Wanaokimbilia ringi la gari, yaani duara la chuma linaloshika tairi, hukutana na mkasa wa ngazi ya juu zaidi. Ringi ni zito, ni pana, na lina tundu katikati kana kwamba aliyelibuni aliiwazia besiboli, lakini katika sehemu nyingi za Uganda ringi likining'inizwa kwenye mwembe huwa kengele ya shule au ya kanisa, na hakuna mzazi awezaye kubishana na ujumbe wa wazee wa kanisa waliofika kulitazama kwa macho ya upole. Tairi lenyewe, kwa upande wake, hutamaniwa na washona ndala.

Mti ungeonekana kuwa suluhisho, maana haugharimu kitu, ila West Nile, eneo ilipo Kuluva, ina mchwa. Wakati wa mvua watu huwadaka kumbikumbi, ambao Walugbara huwaita onya, wakawakaanga au kuwasaga wakawa kitoweo, na miezi iliyosalia mchwa hulipiza kwa kula kila kijiti kilichosimikwa ardhini. Mwenye haraka hukata shina la muhogo lililonyooka na kulichomeka kwenye udongo uliolowa, naye katika muda mfupi hugundua kwamba amepanda. Stendi huchipua majani. Tangu hapo bibi hupiga marufuku mtoto yeyote kuikaribia na gongo, kwa kuwa kilichokuwa mchezo sasa ni chakula, na kwa kweli katika mgogoro huo bibi ana haki.

Mdomo wa stendi una hadithi yake. Kipenyo cha mpira wa besiboli ni kama sentimita 7.3, hivyo bomba la plastiki la milimita 50 huubeba bila kuumeza, lakini ncha tupu ya bomba hupasuka gongo likipita chini kidogo, na watoto wote hupitisha gongo chini kidogo. Kinachofaa ni kipande cha tyubu ya bodaboda, yaani mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, kilichokatwa kiasi cha kiganja na kuvishwa kwenye ncha ili kipinde gongo linapogusa na kurudi mahali pake. Wapo wanaopendelea kuupanua mdomo wa bomba kwa moto wa sigiri, wakapata moshi unaochoma koo na bomba lililojikunja, ilhali maji yanayochemka yanatosha kuilainisha plastiki hiyo. Tyubu, bila shaka, nayo hutafutwa na kila mwenye mzigo wa kufunga nyuma ya baiskeli.

Kudumu, basi, kwa maana ya Kuluva, ni hali ya kifaa kilichotengenezwa kwa vitu ambavyo nyumba imekwisha kuvikataa. Jerikeni liwe limepasuka kiasi ambacho hata aliyelinunua amekiri, lilazwe ubavu na kukatwa upande wa juu, kisha litiwe zege la sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, lisizidi nusu, kwa sababu lita kumi tu za zege hukaribia kilo 24 na stendi isiyoweza kuhamishwa itageuka kiti cha wageni. Katikati ya zege isimikwe ala fupi, maana yake kipande cha bomba pana kidogo, ambamo bomba la stendi litaingia na kutoka, na zege limwagiwe maji kwa juma zima ili likomae bila nyufa. Bomba la ndani liwe masalio ya fundi bomba, fupi mno kwa kazi nyingine yoyote, na usiku lichomolewe lilale ndani, kwani jua huidhoofisha plastiki. Na atakayenunua saruji kwa ajili ya stendi anunue pia ya kuziba nyufa za kibaraza, kwa sababu ataulizwa.