Neno la Herufi Sita

Neno lenyewe lina herufi sita na sitaliandika hapa. Nimeshalitamka mara moja, Jumapili iliyopita alasiri, kwa sauti ya nahodha aliyeona chombo kinapanda mwamba, sebuleni kwangu hapa Mombasa, mbele ya wazee wanne wa kanzu na bakora waliokuja kumposa binti wa kaka yangu. Tangu siku hiyo mke wangu anaongea nami kupitia watoto: “Mwambieni baba yenu chai iko mezani.”

Wageni wangepokewa kwa kaka, kama desturi. Mimi ndiye niliyeng’ang’ania waje kwangu, kwa sababu nina tangi la kioo la lita 300, la maji ya chumvi, lenye matumbawe hai, kangaja wawili, kitatange mmoja na wale wadogo wa rangi ya chungwa ambao kila mtoto anawajua kwa katuni. Nilitaka wakwe wajue wanaoa kwa watu. Asubuhi nilipangusa kioo mpaka kikalia. Nikaivua na ile sponji inayofunika mdomo wa pampu ya mawimbi, maana ilikuwa imeota ukungu wa kijani na inaharibu sura. Likumbuke hilo la sponji.

Kahawa haijamiminwa, mkubwa wa wazee akainuka, akasogeza uso kwenye kioo. Samaki hakuwatazama hata kidogo. Akaelekeza bakora chini kwenye pembe.

“Na huyu ni nani?”

“Jongoo bahari, mzee wangu.”

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaanza kueleza kwamba huyo ndiye mfagiaji wa nyumba: anakula mchanga upande huu, anakamua uchafu wote ulioganda kwenye chembe, kisha mchanga unatoka safi upande wa pili, umefungika vizuri kama tambi. Hana ubongo, ana pete tu ya neva kuzunguka mdomo, na bado kazi yake haina kasoro. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akauliza swali la mtu aliyekulia pwani: “Mbona simwoni matamvua? Anapumua vipi?”

Ndugu msomaji, hili jambo limeninyima usingizi kwa raha kwa mwaka mzima, na nilikuwa sijapata wa kuniuliza. Ndani ya jongoo bahari mna miti miwili ya mirija, imetawanya matawi kama mizizi ya mkoko. Maji huvutwa ndani funda kwa funda, yakapita kwenye matawi hayo, mwili ukachukua hewa yake, halafu yote yakasukumwa nje kwa mkupuo mmoja. Ni pumzi kamili, kama yako na yangu. Tatizo ni tundu ambalo maji hayo huingilia na kutokea. Si mdomo. Ni pale ambapo mchanga nao hutokea.

Nikatafuta neno. Neno la hospitalini nililisahau. Neno la madrasa, tupu ya nyuma, lilinikumbusha masomo ya kutawadha, na halua ilikuwa imeshakatwa. Nikasema, “Anapumulia mlango wa uani, mzee.”

Wazee wakacheka vizuri, cheko la watu wazima. Hapo nikalewa. Nikawaambia kuna samaki mwembamba kama utepe ambaye ni mpangaji wa majongoo: mchana hujificha humo ndani, usiku hutoka kuwinda, na akirudi mara nyingi huingia kinyumenyume, mkia kwanza, bila hodi. Nikawaambia wako majongoo walioota meno matano kwenye mlango huohuo wa uani. (Nilikaa katika nyumba za kupanga miaka kumi na moja, na sikuwahi kupata mlango wenye ulinzi wa namna hiyo.) Mzee mmoja alijifuta machozi kwa leso. Posa ilikuwa imeshakubaliwa machoni mwao, nakuapia.

Nyuma ya mgongo wangu, jongoo alikuwa anapanda kioo kuelekea pampu.

Wa kwangu ni yule mweusi, mwenye tabia ya kujipaka mchanga mwili mzima na kuacha madoa wazi safu mbili mgongoni. Ngozi yake ina maajabu: akitaka huwa ngumu kama mpira wa gurudumu, akitaka hulegea kama uji na kupenya popote. Alilegea. Nilipogeuka, nusu ya nyuma ilikuwa imeshamezwa. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa karibu na swichi. Nikapiga ukelele: “Zima pampu, kanaswa…!” na lile neno likatoka zima, na mwangwi wake.

Kimya. Kisha maji yakawa na wekundu wa zambarau.

Jongoo akiumizwa hutoa sumu ya jamii ya saponini, jina lililotokana na sabuni, na kama sabuni hutoa povu na huharibu matamvua. Katika visiwa vya Pasifiki wavuvi humponda jongoo wa aina hii kwenye vidimbwi vya mwambani ili samaki walewe wawaokote kwa mkono. Baharini sumu hutawanyika, lakini katika lita 300 haina pa kwenda. Na mimi nina kichujio kinachosafisha maji kwa kutengeneza povu. Kichujio kilikutana na sabuni, povu likapanda, likafurika, likashuka kwenye zulia na kuwafikia wazee miguuni. Kitatange akapinduka wa kwanza.

“Hao,” mzee akauliza kwa upole, “wamelala?”

Dawa ni kubadilisha maji upesi, nusu ya tangi au zaidi. Na hapa sicheki. Kutoka kwangu hadi ufukweni ni mwendo wa dakika kumi. Lakini ile Jumapili nilipiga magoti stoo, nakoroga chumvi ya kopo kutoka Ulaya, ninayoinunua kwa kilo, kwa sababu mvua ikinyesha mifereji yetu humwaga maji ya vyoo palepale nilipojifunzia kuogelea. Niliwahi kujaza tangi kwa maji ya pale. Sirudii. Bahari yote ile, na mimi nanunua bahari dukani! Kijana aliyeniletea jongoo huyu ananiambia wale wa thamani, jongoo mchanga na pauni, zamani waliokotwa maji yakitoka, na sasa anazama chini zaidi kila mwaka kuwatafuta. Wakikaushwa huenda Hong Kong kuliwa kwenye karamu. Anacholipwa yeye hakitoshi hata kununua ndoo moja ya chumvi yangu.

Jumatatu nilimtuma mtoto akanunue mkaa wa kuchujia sumu, akaleta wa kupikia. Jumanne taa ya tangi ilitumbukia majini.

Samaki hakubaki hata mmoja. Jongoo yupo. Alitoa matumbo yake yote nje, kwa mlango uleule, na vitabu vinasema wiki chache zijazo atakuwa ameota mengine. Anatambaa peke yake chini ya tangi zima, anafagia mchanga ambao hakuna wa kuuchafua.

Jana usiku binti wa kaka alipiga simu. “Ami, wamekubali. Mahari wameileta. Ila babu yao anauliza, yule wa mlango wa uani ana hali gani?”

Nikamwambia mwambie anapumua.