Sifa za Umeme Unaokatika

Washairi wetu wamesifu mvua, mwezi na macho ya wapenzi wao, lakini umeme unaokatika haujapata hata ubeti mmoja. Naidai haki yake mimi, mtunza seva na mtandao katika ofisi moja ya Bukoba, kwa sababu kati ya wakubwa wote niliowatumikia, huyu ndiye pekee anayekagua kazi yangu kwa dhati.

Kwanza, nasaba yake si haba. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba umetoka Uganda, ukishuka kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka kwa msongo wa kilovolti 132. Ni Kyaka hiyohiyo ambayo daraja lake lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Hitilafu ikitokea ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, mhasibu wa huku anapoteza vocha aliyokuwa katikati ya kuiandika. Mgeni gani mwingine wa kimataifa hutufikia hadi mezani bila itifaki wala pasipoti?

Tena ana adabu ya kunitambulisha. Mtandao ukiwa shwari, mimi ni kijana anayelipwa kukaa kwenye kiyoyozi. UPS, ile betri ya akiba ya seva, ikianza kulia tu, vichwa vinachomoza milangoni, na watu ambao hawajanisalimu tangu Jumatatu wanaita kwa unyenyekevu: "Kaka wa IT, shikamoo, tunazima au tunasubiri?" Shikamoo hiyo inatoka kwa mama aliyenizidi umri mara mbili.

Kampuni ya Netflix, kule Marekani, iliandika programu iitwayo Chaos Monkey, ambayo kazi yake ni kuzima seva ovyoovyo saa za kazi, ili wahandisi wajue kama mfumo utasimama tena. Walilipa watu mishahara kwa ajili hiyo. Sisi tunaletewa bure, na huyu wetu haandikiwi ratiba.

Maana seva isiyozimwa muda mrefu huficha madhambi. Kuna programu iliyowashwa kwa mkono na mtu ambaye alishahamia Ngara, na hakuna aliyeiagiza iamke yenyewe. Kuna kibetri cha duara, CR2032, kinachotunza saa ya mashine umeme usipokuwepo. Chetu kilikuwa kimekufa kimyakimya. Siku umeme uliporudi, seva iliamka ikatangaza kwamba ni Januari 2010. Vyeti vya usalama vikaonekana havijaanza kutumika, kila aliyejaribu kuingia akakataliwa, na risiti ya asubuhi ile ikasomeka imekatwa kabla jengo lenyewe halijajengwa. Nani mwingine angetufichulia hayo? Mkaguzi kutoka makao makuu alipita akasaini kitabu cha wageni.

Na UPS yenyewe! Kioo chake huahidi dakika 40. Betri zikishachoka hutoa tatu. Barua yangu ya kuomba betri mpya ililala kwenye faili hadi siku mkubwa alipokuwa kwenye mkutano wa video na Dodoma, akakatika katikati ya neno "mafanikio". Fedha zilipatikana jioni ileile.

Usiku wa Novemba ndio uhondo wenyewe. Mtaa mzima wa Nyanga giza, taa ni yetu ya jenereta, basi senene wote wanahamia kwetu. Mlinzi anakinga ndoo, anacheka. Mimi, kwa kuwa kiyoyozi kimezimwa kuokoa dizeli na dirisha liko wazi, nachomoa mabawa kwenye feni ya seva kwa kibano. Asubuhi mlinzi ana kitoweo na mimi nina feni safi.

Wapo wanaomtukana. Wamesahau Mei 2021, LUKU ilipogoma nchi nzima: nguzo zimesimama, nyaya nzima, ila mfumo huo wa kuuza umeme haukupatikana, watu wakakaa gizani na hela zao mkononi. Safari ile ni kompyuta zilizozima umeme. Tangu hapo nahesabu kwamba hatudaiani.

Kinachonikosesha usingizi ni mradi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka, wa kutuunga na gridi ya Taifa. Wanasema umeme utatulia. Ikiwa hivyo, naomba tuachiwe japo dakika kumi kila mwisho wa mwezi, mchana, mhasibu akiwa hajahifadhi na mkubwa akiwa hewani na Dodoma. Betri zile mpya nazo zinaelekea kuchoka, na barua nimeshaiandika.