Sifa za Mgeni Asiyeaga

Katika zama hizi za ndoa za miezi na ahadi za msimu wa kura, naomba tumsifu kirusi wa hepesi, maana akishakupenda hakuachi. Ni mjamaa wa kweli: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanaye wa aina ya kwanza, wengi wakiwa wamempata utotoni kwa mate na mabusu ya jamaa. Ni mpole pia, kwani mara nyingi haoneshi dalili yoyote. Lakini kwa uaminifu hana mfano. Akiingia mdomoni, hupanda na mishipa ya fahamu hadi kwenye kifundo cha neva ndani ya fuvu, karibu na sikio. Wa sehemu za siri hupanga chini kwenye uti wa mgongo. Methali humpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Huyu tumempa dawa ya asikloviri tangu miaka ya 1980. Hupunguza vurugu zake, haimfukuzi. Hutulia akisubiri homa, jua kali au mawazo mengi, kisha hutokeza mdomoni kukujulia hali, hata baada ya miaka thelathini. Wapo waliokula kiapo mbele ya mashahidi wakashindwa hilo.

Uaminifu huo tunaulipa kwa kashfa, tena kwa upendeleo. Malengelenge yakitokea mdomoni, tunasema homa imetoka. Yakitokea chini ya kitovu, ni uzinzi. Ilhali aina ileile ya kwanza huweza kutoka mdomoni mwa mtu hadi sehemu za siri za mwenzake, na anayetokwa leo huenda aliambukizwa miaka mingi kabla ya ndoa. Kipele si ushahidi wa fumanizi. Bado kuna wahudumu wa afya wanaouliza, kwa sauti inayofika mwisho wa foleni: "Nani kakuletea?" Hapa utani unanishinda. Swali hilo halijawahi kukausha kidonda hata kimoja. Humfukuza mgonjwa hadi kwa tapeli wa bango la kwenye nguzo ya umeme, auzaye chupa ya kung'oa mizizi ya ugonjwa ambao haujapatiwa tiba ya kuumaliza popote.

Watasema: bila aibu, watu wataambukizana ovyo. Sawa, kama aibu ingemjua mwenye kirusi. Wengi walio naye hawajui, na kirusi hupita hata ngozi ikiwa haina alama. Aibu humkosa asiyejua na kumziba mdomo anayejua, ambaye ndiye angesema: leo nina kidonda, tusigusane, siku nyingine tutumie kondomu, inayopunguza hatari ingawa haiimalizi. Ndiye angemwambia mkunga kabla mtoto hajazaliwa. Na kwa kuwa aina ya pili ya kirusi huyu huongeza hatari ya kupata VVU takriban mara tatu, ukimya huo una gharama. Basi tukitoa nishani ya uenezi, kirusi apewe nusu. Nusu nyingine ni haki ya waulizaji.